Barua ya wazi: Anayetutukana ndiye anayetusainia

Kwa Mkuu wa Chuo cha tiba nilikosomea,
na kwa Mkurugenzi Mtendaji wa hospitali ya rufaa tulikojifunzia.

Nakala: wakuu wa idara zote za kliniki; Serikali ya Wanafunzi.

YAH: UDHALILISHAJI WA WANAFUNZI WA UDAKTARI WAWAPO MAFUNZONI WODINI

Waheshimiwa, shikamooni.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni daktari tarajali. Nilimaliza masomo kwenu mwaka jana, nikapangiwa utarajali mkoa mwingine, na saini ya mwisho niliyoihitaji kutoka kwenu ninayo tayari. Ndiyo maana naandika leo na sikuandika mwaka juzi. Mtu akiniambia huo ni woga, nitakubali. Woga huo ndio ninaokuja kuuzungumzia.

Sijataja jina la chuo wala la hospitali. Ninyi mnajijua. Wa vyuo vingine wakisoma wakadhani nawasema wao, basi na wao wajitazame.

Kabla ya kufika hadharani tulipita milango yote. Tukiwa mwaka wa tatu tuliandika barua watu kumi na mmoja, tukaipeleka kwa mshauri wa wanafunzi. Alitupokea vizuri, akatupa maji ya kunywa, akasema mambo ya wodini yako chini ya hospitali. Hospitali ikasema wanafunzi wako chini ya chuo. Mwaka wa nne tukaelekezwa kwenye sanduku la maoni. Sanduku lile limetundikwa nje ya ofisi ya mkuu wa idara, dirisha lake linalitazama, na ufunguo anao katibu muhtasi wake. Mwaka wa tano tukaitwa kikaoni. Tuliombwa tutaje majina ya waliotukosea na majina ya waliokosewa, na mezani walikuwa wameketi wawili kati ya wale tuliokuwa tunawalalamikia. Hakuna aliyefungua kinywa. Muhtasari wa kikao ukaandikwa kwamba wanafunzi hawakuwa na malalamiko mahususi.

Malalamiko mahususi ni haya.

1. Raundi ya wodi imekuwa baraza la kuumbuana

Naanza na hili kwa kuwa hufanyika mchana kweupe mbele ya watu ishirini, na pengine kwa sababu hiyo haliitwi kosa.

Sipingi kuulizwa maswali. Udaktari unafundishwa kando ya kitanda cha mgonjwa, na swali gumu la saa mbili asubuhi halisahauliki. Sababu za wengu kuvimba nazikumbuka hadi leo kwa kuwa niliulizwa nikatoa mbili, na daktari bingwa akaniambia kesho nije na sita, nimfundishe na jirani yangu. Yule alikuwa mwalimu. Ninachokilalamikia mimi kina mpangilio mwingine: swali la kwanza linahusu ugonjwa, la pili linahusu shule uliyotoka, la tatu linawahusu wazazi wako.

Tulikuwa na mwenzetu, kijana mtulivu aliyetoka shule ya kata, hodari kuliko sote kundini katika kuupata mshipa wa mtoto mchanga. Asubuhi moja ilikuwa zamu yake kupresenti, yaani kuieleza raundi habari za mgonjwa. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo, na usiku ule alikuwa amemweleza hali yake kwa Kiswahili kilichonyooka: akilala chali pumzi inakata, inabidi akakae dirishani, jioni miguu inajaa hata viatu haviingii, moyo unapiga kama mtu anayebisha hodi. Kijana alielewa kila neno. Alijua ni moyo uliochoka kusukuma damu, na alikuwa na hoja zake.

Mkosi ukaja kwenye Kiingereza. Aligonganisha nyakati za vitenzi, kisha akamtaja mama yule kwa kiwakilishi cha mwanamume, kosa ambalo yeyote aliyelelewa na lugha yenye “yeye” mmoja tu amewahi kulifanya. Daktari akamsimamisha. Akageukia kundi akauliza ni nani aliyempa huyu cheti cha kidato cha nne, na kama kijijini kwao wanajua wamemtuma nani. Watu wakacheka. Nami nilicheka, naandika hili nikiwa na aibu. Kijana akaambiwa akasimame mlangoni hadi raundi iishe. Ugonjwa alioutaja ndio uliokuja kuandikwa kwenye faili.

Raundi ilipohamia wodi ya pili mama alituita. “Kwani yule mtoto kakosea nini?” akauliza. “Mbona ndiye aliyenisikiliza?” Akampa chungwa. Kijana akalitia kwenye mfuko wa koti lake jeupe, na kuanzia siku hiyo akawa anabadilishana zamu na wenzake ili asipresenti tena. Alikuwa tayari kukesha usiku mbili mfululizo ili mwenzake asimame badala yake asubuhi.

Waheshimiwa, mgonjwa anaeleza kwa Kiswahili, mwanafunzi anasikia kwa Kiswahili, na nusu ya raundi tunapima Kiingereza cha mtu. Kiingereza kina umuhimu wake, vitabu vyetu vimeandikwa kwa lugha hiyo. Lakini kuna njia ya kumsahihisha mtu akabaki mtu. Ibara ya 12 ya Katiba yetu ya Tanzania inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Sijaona mahali iliposema isipokuwa wodini.

2. Kimya mnachotufundisha humfikia mgonjwa

Kulikuwa na mzee wa kisukari akisubiri kukatwa kidole cha mguu. Amekatazwa kula tangu usiku, orodha ya thieta, chumba cha upasuaji, imesogezwa mara mbili, na insulini ya asubuhi ameshachomwa. Mwenzangu mmoja alimwona anatoka jasho na anajibu maswali kombokombo. Alijua maana yake. Sukari ya kushuka inafundishwa mapema mno. Lakini siku mbili nyuma, kwa kosa la kuropoka jambo kabla hajaulizwa, aliambiwa kwamba mwanafunzi wodini ni kama kabati, na kabati haliongei. Basi akasubiri raundi ifike kile kitanda. Sista aliyekuwa akipita na trei ya dawa ndiye aliyemkuta mzee haitikii. Sukari ilipimwa, glukosi ikaingizwa mshipani, mzee akazinduka. Alituuliza kama ameshafanyiwa upasuaji.

Mzee alipona, kwa hiyo hakuna ripoti iliyoandikwa. Mwenzangu hajapona. Mpaka leo akisimulia husema “nilikuwa naona.”

Mwaka 2015 jarida la Pediatrics lilichapisha jaribio la watafiti wa Israel. Timu 24 za madaktari na wauguzi wa vichanga mahututi zilipewa zoezi la kumhudumia mtoto wa kuigiza ambaye hali yake inazorota ghafla. Baadhi ya timu zilisikia maneno ya dharau kutoka kwa mtu aliyetambulishwa kama mtaalamu mgeni, maneno ambayo hata hayakuhusu kazi waliyokuwa wakiifanya. Nyingine zilisikia maneno ya kawaida. Timu zilizodharauliwa zilifanya vibaya zaidi katika kutambua ugonjwa na katika kazi za mikono; watu wake walipunguza kupeana habari na kuombana msaada. Hao walikuwa wataalamu wenye uzoefu, na wameguswa na dharau kidogo tu. Mfikirieni mtoto wa miaka ishirini na mbili anayeanza wiki yake ya pili wodini.

3. Sindano

Hili ni langu mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa tatu. Ilikuwa saa tatu usiku, nimetumwa peke yangu nitoe damu kwa wagonjwa sita. Wa nne alikuwa amechanganyikiwa kwa homa, akavuta mkono, sindano ikatoboa glavu na kidole changu cha shahada. Nilikwenda kwa daktari wa zamu. Hakuinua kichwa. Aliuliza, “Nani alikuruhusu kutoa damu bila msimamizi?” Alikuwa ni yeye. Kisha akasema nikitaka kuandikisha tukio niandikishe, ila nijiandae kueleza mbele ya idara kwa nini nilishika sindano nisiyoiweza, na kwamba rotesheni hii, zamu yetu ya mafunzo katika idara yake, haijaisha.

Nikanawa kidole kwa maji na sabuni, nikawatoa damu wale wawili waliobaki, nikaenda kulala. Sikulala.

Ninyi mnaijua hesabu hii kuliko mimi. Dawa kinga ya VVU inatakiwa ianze mapema iwezekanavyo, na baada ya saa 72 haina maana tena. Inamezwa siku 28. Hatari ya VVU kwa sindano moja yenye damu ya mwathirika ni kama tatu kwa elfu. Kwa homa ya ini ya aina B, kwa mtu asiyechanjwa, inaweza kufika asilimia 30. Mimi sikuwa nimechanjwa. Tuliambiwa chanjo kila mmoja ajitafutie, dozi tatu ndani ya miezi sita, na bumu, hela ya kujikimu ya mkopo, lilikuwa halijatoka.

Kesho yake jioni, saa ishirini hivi baadaye, sista mmoja aliniona nakigeuza geuza kile kidole kwenye mwanga wa dirisha. Hakuuliza maswali mengi. Alinishika mkono kama mtoto aliyepotea sokoni akanipeleka CTC, kliniki ya huduma za VVU. Nilimeza dawa siku 28 nikitapika asubuhi na kwenda raundi. Majibu yalikuja salama. Sista yule simtaji, asije akaulizwa na yeye kwa nini aliacha wodi.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huo tunawaambia wagonjwa kila siku, kisha tunalea madaktari wanaoficha. Na mwanafunzi anayeficha tundu la sindano kidoleni mwake hashindwi, akishakuwa daktari, kuficha dozi aliyoikosea. Ni somo lile lile.

4. Kazi zisizo za masomo

Hili nalipita haraka. Tumetumwa chai, tumetumwa vocha, tumetumwa kumchukua mtoto wa mtu shule. Tumenunua glavu kwa hela ya kula ili tuweze kumpima mgonjwa, halafu boksi likaondoka na wakubwa kwenda thieta. Tumekesha zamu ya usiku tukapitiliza raundi ya asubuhi na kliniki ya mchana, na aliyesinzia akamwagiwa maji kichwani huku watu wakiona ni mzaha. Ninyi ni madaktari. Mtu asiyelala mnajua anakuwaje.

Kupeleka sampuli maabara, kusukuma kitanda, kumshika mgonjwa anapobadilishwa shuka: hayo sikuyaweka hapa. Hiyo ni kazi yetu, na iliyo bora.

5. Wasichana

Nimekuwa msichana wodini miaka mitatu. Nimeitwa “toto” mbele ya mgonjwa niliyetoka kumjulisha kuwa mimi ni mwanafunzi wa udaktari; kuanzia hapo naye akaniita toto. Nimesimama thieta nimeshika nyama mikono yote miwili, siwezi kusogea kwa sababu nikisogea damu inatoka, na mkono wa mtu ukapita nyuma yangu mahali usipotakiwa kupita. Aliyefanya hivyo aliijua hesabu hiyo. Ndiyo maana alichagua pale.

Na kuna lile la logibuku, daftari la kusainiwa kazi tulizofanya wodini. Unaambiwa saini haiwezekani saa za kazi, njoo jioni. Ukija jioni unaambiwa si hapa, kuna mahali tulivu. Msichana akikataa, saini inakawia wiki tatu, nne, mpaka tarehe ya mwisho. Wawili ninaowajua walirudia rotesheni. Mmoja aliambiwa na mwanamke mwenzake, mtu wa ofisi kabisa, amnyamazie mzee kwa kuwa amebakiza miaka michache astaafu.

Jambo hili lina jina kisheria. Ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja katika kifungu cha 25. Shambulio la aibu na bughudha ya kingono nazo zimo katika Kanuni ya Adhabu kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Nalisema hili ili tusielewane vibaya: hapa siwaombi busara ya kumaliza mambo kindani. Ya kindani tumeyaona.

Wavulana nao wana lao. Aliyelia baada ya mtoto wa kwanza kumfia mikononi alipewa jina la kike, akaitwa hivyo hadi mahafali.

6. Anayetutukana ndiye anayetusainia

Nimeliweka mwisho, ingawa ndilo linaloyabeba yote ya juu.

Daktari anayeongoza rotesheni ndiye anayesaini logibuku. Ndiye anayetoa alama za mwenendo. Mwisho wa rotesheni ndiye anayeketi kwenye mtihani wa mgonjwa, ule wa ana kwa ana, ambao hauna karatasi mtu anayoweza kuomba isahihishwe upya. Baada ya miaka mitano, huenda ndiye atakayeandika barua ya kukudhamini ukiomba kazi au ubingwa. Na ukimlalamikia, malalamiko yanapelekwa kwenye idara yake, yanasomwa na rafiki yake waliyesoma darasa moja.

Kwa mtoto aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, ambaye mama yake ameuza shamba ili ajazie ada, kupata sapu, mtihani wa marudio, si jambo la kujaribu. Kudisko, kuondolewa chuoni kwa kufeli, ni msiba wa ukoo. Kwa hiyo anapiga hesabu, ananyamaza. Ninyi mnauona ukimya huo mnaandika “hakuna malalamiko.”

Sasa najua mtakayojibu, kwa sababu tumekwisha kujibiwa.

Mtasema: hata sisi tulipita huko huko, na tumekuwa madaktari. Ni kweli mmekuwa madaktari, na baadhi yenu hodari sana. Lakini hamkuwa hodari kwa sababu ya matusi. Mlikuwa hodari, na mlitukanwa. Mtu aliyepona malaria bila dawa hawi ushahidi wa kufunga duka la dawa.

Mtasema samaki mkunje angali mbichi. Hili tumeambiwa hata kwenye hotuba ya kutukaribisha mwaka wa tatu. Tunakubali kukunjwa. Daktari bingwa mmoja wa upasuaji, hapo hapo hospitalini kwenu, alikuwa mkali kuliko wote. Ukifunga fundo vibaya alilikata, ukafunga tena, akalikata, mara kumi na tano kama inabidi, huku akina sisi tumetoka jasho. Sijawahi kumsikia akimwita mtu mpumbavu. Wanafunzi walikuwa wanagombania kuingia thieta yake. Kwa hiyo ukali na dharau mnaweza kuvitenganisha. Yupo mtu wenu anayefanya hivyo kila Jumanne.

Mtasema madaktari ni wachache, wamechoka, wana wagonjwa themanini na wanafunzi arobaini juu yake. Hili ndilo jibu ninaloliheshimu, maana sasa nami niko upande huo. Juzi saa kumi alfajiri nilimfokea mwanafunzi aliyeniletea chupa ya damu isiyo na jina. Nilijisikia nikitumia maneno niliyotumiwa mimi, na sauti ile ile, hata lile neno “kijijini kwenu.” Nilimrudia nikamwomba radhi, akashtuka kuliko alivyoshtuka nilipofoka. Uchovu wenu ni halali na upigiwe kelele Wizarani, tutapiga nanyi. Ila tazameni mtu aliyechoka anamfokea nani. Hamfokei mkurugenzi.

Mtasema leteni ushahidi na majina. Tutaleta, siku mtakapotuonyesha mlango ambao nyuma yake hayuko mtuhumiwa.

Na wapo watakaosema haya yapo dunia nzima. Yapo. Mwaka 2014 jarida la Academic Medicine lilichapisha mapitio yaliyokusanya tafiti 51, na kati ya wanafunzi wa tiba na madaktari walio mafunzoni, asilimia 59.4 walikuwa wamewahi kunyanyaswa angalau kwa namna moja. Ugonjwa ulioenea hatuuiti wa kawaida. Tunauita wa mlipuko, na tunatafuta chanzo cha maji.

Tunachoomba ni hiki.

Tunaomba mtu mmoja, mwanamke au mwanamume, asiye wa idara yoyote ya kliniki, asiyesahihisha mtihani wala kusaini logibuku, awe ndiye mpokeaji wa malalamiko ya wanafunzi wote wa wodini. Awe na ofisi nje ya jengo la hospitali na simu inayopokelewa. Awajibike kwa Baraza la Chuo moja kwa moja. Malalamiko yakifika kwake, daktari anayelalamikiwa asimtahini wala kumsainia mlalamikaji hadi shauri liishe, na anayebadilishwa awe mtahini, asiwe mwanafunzi.

Logibuku isainiwe saa za kazi, wodini, na daktari yeyote aliyeshuhudia kazi ikifanyika. Isiwe mali ya mtu mmoja. Mtihani wa mgonjwa uwe na watahini wawili kila mara, mmoja kutoka nje ya idara, na kila mmoja aandike alama zake kabla ya kusikia za mwenzake. Hili halina gharama yoyote. Linataka karatasi mbili badala ya moja.

Asiingie mwanafunzi wodini mwaka wa tatu kabla hajapata chanjo ya homa ya ini B, kwa gharama ya chuo au kwa fedha iliyokatwa wazi kwenye ada. Pabandikwe kila wodi tangazo la mahali pa kwenda usiku na mchana ukichomwa sindano, na liandikwe humo kwamba anayeripoti haadhibiwi. Dawa itangulie, maelezo yafuate.

Kesi za ngono na saini zipelekwe TAKUKURU na polisi, na chuo kiwaeleze wanafunzi wote siku ya kwanza kuwa namba 113 ya TAKUKURU ni ya bure.

Kila rotesheni ikiisha wanafunzi wajaze fomu isiyo na jina, ihesabiwe nje ya idara, na matokeo yabandikwe idara kwa idara bila kutaja watu. Idara inayofundisha vizuri ionekane. Yule wa upasuaji wa Jumanne sijawahi kusikia hata siku moja akishukuriwa hadharani.

Naomba pia msitupe waraka mtupu. Chuo cha tiba cha UCLA kule Marekani kilianza kupambana na jambo hili mwaka 1995, kikaunda kamati, kikatoa sera na semina. Walipopima kuanzia 1996 hadi 2008, bado zaidi ya nusu ya wanafunzi waliojibu walisema wamenyanyaswa. Wao walipima na wakachapisha aibu yao. Ningependa na sisi tufike hapo pa kupima.

Kuna Azimio la Geneva, kiapo cha Chama cha Madaktari Duniani cha mwaka 1948. Kwa miongo kadhaa lilimtaka daktari awape heshima walimu wake, basi. Oktoba 2017, katika mkutano wa Chicago, maneno hayo yaliongezwa: walimu wake, wenzake, na wanafunzi wake. Wengi wenu mliapa kabla ya hapo, najua.

Wa mwaka wa tatu wanaingia wodini muhula ujao. Ningeomba angalau ile ya mlango wa malalamiko na ile ya chanjo ziwe tayari kabla yao, na majibu ya barua hii yatolewe ndani ya siku 30, kwa maandishi, kwa Serikali ya Wanafunzi. Sihitaji kujibiwa mimi. Sanduku la maoni mnaweza kulihamisha hata kesho. Limefungwa kwa skrubu mbili tu.

Nakala ya karatasi nimeiwasilisha masjala. Imegongwa muhuri wa kupokelewa, na kitabu cha masjala nilisaini kwa jina langu kamili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Daktari tarajali,
mhitimu wenu wa mwaka jana